Barua kwa Mwanangu: Miche ya Miembe Isizeekee Kwenye Kiriba

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Swali lako nimelipata: miche yako ya miembe iliyobebeshwa, yaani kikonyo cha aina uliyoitaka kilichounganishwa juu ya shina la mwembe wa kienyeji, imefika magotini, nawe unataka kujua kama uiache kwenye viriba, ile mifuko ya plastiki ya kuoteshea, mwaka mwingine inenepe, ndipo uipeleke shambani Mkuranga. Usiiache. Ipande masika haya, ardhi ikishalowa vya kutosha.

Mwembe hutanguliza mzizi mkuu kwenda chini, na mzizi huo ukishagota kitako cha kiriba hauna pa kwenda ila kujikunja na kujizungusha. Juu utaona majani ya kupendeza na kuridhika nayo, kumbe chini mche umejifunga fundo lisilofunguka hata ukiuhamishia kwenye udongo mzuri, na mti wa namna hiyo huweza kudumaa, au kung'olewa na upepo wakati ambapo ungekuwa unakuzalia. Ndiyo maana sinunui mche kwa urefu wake. Pasua kiriba kimoja kwa wembe utazame: ukikuta mzizi mkuu umeanza kuzunguka, ukate kwa kisu kikali pale unapoanzia kupinda, kisha upande mche huo siku hiyohiyo jioni na kuumwagilia.

Kabla ya hapo, izoeshe jua kidogo kidogo kwa wiki 2 hivi, ukianza na la asubuhi, maana jani lililokulia chini ya makuti huungua likikutana ghafla na jua la saa saba. Shimo la sentimita 60 kila upande linatosha, na samadi iwe imeoza kabisa. Kiriba ukivue chote. Kiungo, pale mche ulipobebeshwa, kibaki juu ya udongo, na nailoni iliyofungiwa uiondoe isije ikaukaba mti. Machipukizi ya chini ya kiungo yanyofoe kila uyaonapo, kwa sababu hayo ni ya mwembe wa kienyeji, nayo yakiachwa yatauzidi nguvu huo wa aina ya Kent uliougharimia.

Ukiotesha mingine, tafuta viriba virefu, bandua ganda gumu la kokwa, na uzike mbegu ikiwa bado mbichi, mgongo wake ukiwa juu, kwani mbegu ya embe ikikauka imekufa.

Miche iliyobebeshwa hupenda kutoa maua mapema mno. Mwaka wa kwanza na wa pili yakate yote, hata kama moyo utakuuma, nguvu iende kwenye mizizi na matawi.

Ni mimi baba yako.