Jibu: Riwaya za kihistoria zinanishinda katikati

Jambo ndugu wa Goma. Unasema riwaya ya upelelezi unaimaliza usiku mmoja, ila ya kihistoria inakushinda kabla ya katikati, majina na tarehe vimekuzidi.

Kwanza angalia kitabu chenyewe, usijilaumu. Mhusika akisimama kila mara kueleza gavana alikuwa nani na mkataba ulisainiwa wapi, hata mie hapa Bukavu nakiweka chini. Jaribu Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiswahili 2022. Kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la baba yake, na wewe msomaji unagundua mambo pamoja naye, polepole. Wajerumani wanaanza kama uvumi tu. Msafara wa biashara ukishaingia bara, woga wake ni ule ule unaoupenda kwenye upelelezi. Mie nakipa nafasi ya kwanza bila kusita.

Majina yaandike kwenye kikaratasi cha kuwekea alama: nani ni nani kwa nani, basi. Tarehe ziruke, zenye maana zitarudi zenyewe.

Ukitaka daraja jepesi, kuna Kikosi cha Kisasi cha Elvis Musiba. Mpelelezi Willy Gamba yuko Kinshasa, mbio mwanzo mwisho, na leo kinasomeka kama historia. Wanawake humo wamechorwa hovyo, nakwambia mapema.