Maswali Yenu: Hedi Kubwa kwenye Injini Ndogo

Barua za safari hii zote zinahusu injini ya A-Series, injini ndogo ya Kiingereza, hasa ile iliyomo kwenye gari la Mini.

Swali: Injini yangu ni ya 998 (ujazo wake kwa cc). Nifunge silinda hedi, yaani kipande cha juu cha injini chenye valvu, ya namba 12G295 au 12G940?

Swali hili halikomi, na aghalabu anayeuliza ameshainunua 12G940. Hedi hiyo ni ya injini ya 1275, yenye silinda za kipenyo cha milimita 70.6, ilhali zako ni za 64.6 tu. Valvu zake za eksozi, zenye upana wa milimita 29.2, zikifunguka hugonga ukingo wa bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda. Hivyo itabidi ama bloku ichongwe vishimo, ama ziwekwe valvu ndogo zaidi. Kishimo kikizidi kina, ringi ya juu ya pistoni itakifikia na mgandamizo utavujia hapo, na bloku iliyokwisha kuchongwa hairudi ilivyokuwa.

12G295 haina ugomvi huo, lakini chemba zake, yaani vyumba mafuta yanamoungulia, ni kubwa, sentimita za ujazo 28.3, kwa kuwa ilitumika kwenye Mini Cooper ya 998 ambayo pistoni zake zimeinuka juu. Ukiifunga juu ya pistoni za kawaida bila kuikata uso wa chini ili chemba zipungue, mgandamizo utashuka na gari litakuwa zito kuliko lilivyokuwa. Mimi ningechagua hiyo, lakini ikatwe uso baada ya chemba zote nne kupimwa ujazo, si kwa kukadiria kwa macho.

Swali: Nitajuaje niliyo nayo ni hedi gani?

Fungua kifuniko cha roka (mikono inayosukuma valvu) kilicho juu ya hedi, usome namba.

Swali: Namba inasema 12G940. Je, valvu zake ni zile zile siku zote?

La. Hedi ya gari la MG Metro ina namba hiyo hiyo, lakini valvu zake za kuingiza ni za milimita 35.7 badala ya 33.2. Chukua kalipa upime, na usiamini maneno ya muuzaji.

Swali: Nimepata hedi ya Mini Cooper S, namba AEG163. Niinunue?

Isiguswe kabla ya kupimwa nyufa. Valvu zake ni kubwa kiasi kwamba chuma kinachobaki kati ya siti (pete ambazo valvu hukalia zikifunga) ni chembamba, na ndipo hupasukia.

Swali: Je, petroli isiyo na risasi itaiharibu hedi ya zamani?

Ukiendesha kwa kasi muda mrefu, siti za eksozi zitalika na nafasi kati ya valvu na roka itapungua hadi valvu ziungue. Hedi ikiwa tayari iko kwa fundi, mwambie aweke siti ngumu za eksozi hapo hapo.