Mgonjwa halali? Anza kwa kumpunguzia saa za kitandani

Mgonjwa wa sonona akilalamika kuwa halali, wengi humwambia usingizi utarudi sonona ikipona. Mara nyingi haurudi. Ukishapotea angalau siku 3 kwa wiki kwa miezi 3, hilo ni tatizo linalojitegemea, na hutibiwa sambamba na sonona. Tiba inayotangulia vidonge ni ya utambuzi na tabia, yaani kubadili mawazo na mazoea yanayozuia usingizi, vikao 4 hadi 8. American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, walishauri hivyo mwaka 2016 kwa watu wazima wote wenye tatizo hilo.

Anza na daftari la siku 14. Kila asubuhi mgonjwa aandike alipanda kitandani saa ngapi, alikawia kiasi gani kulala, alikesha muda gani katikati ya usiku, na alitoka saa ngapi. Akadirie tu. Akichungulia saa usiku kucha ili apate namba kamili, daftari lenyewe litamkosesha usingizi.

Kisha piga hesabu. Tuseme yuko kitandani kuanzia saa 4 usiku hadi saa 1 asubuhi, yaani saa 9, lakini analala jumla ya saa 5 na nusu. Ufanisi wake, yaani sehemu ya muda wa kitandani anayolala kweli, ni 61%. Mruhusu kitandani saa 5 na nusu hizo hizo. Saa ya kuamka ndiyo hupangwa kwanza: ikiwa ni saa 12 asubuhi, mwisho wa wiki pia, basi atapanda kitandani saa 6 na nusu usiku. Usishuke chini ya saa 5. Kila wiki hesabu upya: ufanisi ukifika 85% ongeza dakika 15, ukiwa chini ya 80% punguza 15, katikati hapo usiguse kitu.

Hapa ndipo wagonjwa hukimbia. Wiki mbili za kwanza uchovu wa mchana huzidi, na usipowaonya mapema wataona umewaharibu. Maendeleo yakikwama, uliza kuhusu kiti cha sebuleni. Dakika 20 za kusinzia saa 3 usiku hula hamu ya kulala iliyojikusanya kutwa nzima. Mpangie kazi ya kusimama saa hizo, kama kupiga pasi.

Utaratibu huu si wa kila mtu, lakini. Mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, anaweza kuingia kwenye mania (msisimko uliopitiliza) kwa kupunguziwa usingizi, na mwenye kifafa anaweza kupata degedege. Anayekoroma na kukatika pumzi apimwe kwanza. Dereva na mwendesha mitambo wanahitaji tahadhari kubwa.

Kitanda kibaki cha kulala na tendo la ndoa. Akihisi amekesha kama dakika 20, atoke, akae penye mwanga hafifu, arudi anaposinzia. Kuacha kahawa jioni ni sawa, ila kwa usingizi uliopotea miezi mingi, ushauri huo peke yake hautoshi.

Anayetumia vidonge vya usingizi asiviache ghafla. Vipunguzwe kidogo kidogo na aliyemwandikia, huku tiba ikiendelea.