Bedford ya jeshi: usimruhusu mtu akate waya

Juzi kijana mmoja wa Konde kanitumia picha. Lori, Bedford MK iliyotoka jeshi la Uingereza, bado ina kijani chake, na chini kaandika: "Ami, nimeipenda. Nianzie wapi?" Niliitazama picha ile mpaka chai ikapoa. Ni gari yangu mimi ile, ila yangu nimeipaka buluu na ina namba ya Z. Tena ujumbe umenifika wiki ambayo nimemaliza msimu wa karafuu bila kuvutwa hata siku moja. Walioiona gari hii mwaka wake wa kwanza Pemba wanajua kwa nini nalisema hilo kifua mbele.

Habari za ushuru na makaratasi ya bandari naziruka; kila aliyewahi kuingiza gari anazijua.

Nilichokipenda ndicho unachokipenda wewe. Inabeba tani 4, ina injini ya dizeli ya lita 5.4 yenye silinda sita, magurudumu yote manne yanavuta, na tairi za 12.00-20, moja moja mbele na nyuma. Masika vilima vyetu vya udongo mwekundu huyakwamisha malori mengine, hii inapanda. Injini yake ni ukoo mmoja na Bedford za kiraia walizoziendesha wazee wetu, kwa hiyo mafundi wakongwe hawaiogopi. Ekseli ya mbele ndiyo shida: kiwanda cha Dunstable kilifungwa zamani, na spea zake ni za kuagiza mbali.

Sasa nikuambie kilichoniumiza. Gari hii ni ya volti 24: betri mbili za volti 12 zimeungwa mfululizo. Mimi nikataka redio, taa za ndani na feni, vyote vya volti 12. Fundi akaniambia ni kazi ya nusu saa. Akakata waya, akachukua umeme kutoka betri moja tu, nami nikamlipa na kumshukuru. Miezi miwili redio iliimba vizuri. Kumbe ile betri moja inanyonywa kila siku, na jenereta inazichaji zote mbili kwa pamoja kama kitu kimoja. Iliyonyonywa haijai kamwe, mwenzake inajazwa kupita kiasi hadi maji yake yanachemka. Zikafa zote.

Zilikufa jioni, Kangagani, nimebeba magunia ya karafuu mbichi za mama mmoja mjane, nampelekea kwake Wete akazianike. Nilizima injini tufunge turubai, haikuwaka tena. Bedford ya jeshi iliyopakia huisukumi kwa vijana sita. Mvua ikashuka. Tukalala pale, na kesho yake hadi alasiri hatujapata betri. Mtu wa karafuu anajua kilichokuwa kinatokea ndani ya magunia yale: zilipata joto, zikavunda, na zilipoanikwa zikatoka mpeta, nyeupe nyeupe, hazina uzito. Fidia nililipa. Yule mama aliipokea, akanambia "haidhuru, mwanangu", na hajanipa mzigo tena mpaka leo. Neno lile bado liko moyoni.

Nikaagiza kitabu cha gari, nikakisoma ukurasa kwa ukurasa na kamusi pembeni. Nikazirudisha nyaya zote kama jeshi lilivyoziweka, na redio ikapata kifaa chake cha kushusha volti 24 kuwa 12, kinachochukua umeme wa betri zote mbili. Kitabu hicho hicho ndicho kilichonifunza kwamba gari haina difu ya kati, ile inayoyaacha magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti. Nilikuwa nikitoka Mkoani hadi Chake kwa lami kavu, magurudumu yote manne yanavuta, najiona bingwa, kumbe naisokota giaboksi. Mvuto wa mbele ni wa tope. Lami ikianza, utoe.

Na nyinyi mnaobeba mwani Micheweni: osheni chesisi kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, siku hiyo hiyo, mpaka ndani ya reli zake. Si kesho. Chumvi hailali.

Vijana wangu, naona mnavyofanya. Gari haijamaliza wiki, mshakata bodi, mshafunga taa kumi juu ya kichwa, mshaweka tairi mbili mbili nyuma kwa kuwa lori la jirani liko hivyo. Waliolitengeneza gari hili walijua watalipeleka wapi. Soma kitabu kwanza. Kaa nalo msimu mzima kama lilivyo. Usimruhusu mtu akate waya kabla hajakueleza umeme unatoka wapi na unakwenda wapi, na wewe ukafahamu. Soma kitabu.

Mwanangu wa Konde, picha ya ubavuni haitoshi. Mwambie muuzaji afungue sanduku la betri, upige picha nyaya zote, kisha uingie chini upige picha reli za chesisi pale springi za nyuma zinaposhika. Pesa usitume bado. Ijumaa baada ya sala nipo nyumbani, njoo na picha hizo tuziangalie.