Hesabu uliyoniuliza, mwanangu

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Daktari amekwambia uache sigara kwa sababu mwaka wa pili huu mkeo hajashika mimba, nawe unaniuliza: "Mbona wewe baba ulivuta miaka yote ile na ukatuzaa watatu?"

Nilivuta, kweli. Lakini hesabu yako ina pengo. Kati yako na dada yako ipo miaka saba, na ndani ya miaka hiyo mama yako alipoteza mimba mbili. Sisemi sigara zangu ndizo zilizozitoa, maana hakuna aliyetupima. Nakumbuka tu kwamba mimi sikuulizwa lolote. Maneno yote yalimwangukia yeye: ya mawifi, ya majirani, hadi akafungwa hirizi kiunoni. Mimi niko barazani na kiberiti changu. Usiku nilivutia chumbani, dirisha tumefunga kwa ajili ya mbu, na kanga zake zikanuka moshi hata zikiwa zimetoka kuanuliwa. Yeye hajapata kutia sigara mdomoni.

Sasa sikiliza. Mbegu zako hutengenezwa kila siku, na hadi ikomae mbegu moja huchukua karibu miezi mitatu. Moshi huzipunguza idadi, huzilegeza mwendo, na huharibu vinasaba vilivyomo. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma, kwa sababu mbegu ya namna hiyo inaweza kutungisha mimba, kisha mimba isidumu. Ndiyo maana mtu anavuta na anazaa, halafu anadhani hana tatizo.

Mkeo yeye alizaliwa na akiba yake yote ya mayai, hayaongezwi. Wanawake wanaovuta hukoma hedhi mwaka mmoja hadi minne kabla ya wenzao. Na asiyevuta hakusalimika: mabaki ya nikotini yamekutwa hata katika majimaji yanayolizunguka yai la mwanamke anayevuta moshi wa wengine tu. Akishashika mimba, iko ile hewa ya sumu, kaboni monoksidi, ndiyo hiyo hiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, basi mtoto tumboni hupungukiwa hewa na anaweza kuzaliwa na uzito mdogo.

Kwa hiyo acha, na usihamie shisha, nayo ni tumbaku. Wala usijidanganye kwamba kuvutia dirishani kunatosha. Ukiacha leo, andika tarehe ukutani. Baada ya miezi mitatu utakuwa na mbegu zilizotengenezwa bila moshi. Kipimo cha manii kafanye wewe mwenyewe, wiki hii, kabla mkamwana wangu hajatumwa kipimo kingine hata kimoja. Shangazi yako akianza maneno yake, mwambie anipigie mimi. Ikikushinda kuacha peke yako, rudi kwa daktari huyo huyo umwambie. Zipo dawa za kusaidia.

Barua hii nimempa mama yako aisome kabla sijaituma. Alipofika pale pa hirizi alinyamaza kitambo, miwani mkononi. Nikamuuliza kama nipafute. Akasema, "Paache."

Baba yako