Jibu: Radon imeipa funksheni yangu 23, nianzie wapi?

Ndugu, radon ni zana inayopima ugumu wa msimbo wa Python kwa kuhesabu njia zinazoweza kufuatwa ndani yake, na kwake 23 ni daraja D. Thomas McCabe, aliyependekeza kipimo hiki mwaka 1976, aliweka ukomo wa 10. Hesabu huanza na 1. Kila if, elif, for, while, except, and na or huongeza 1, ila else ya if haiongezi.

Andika majaribio kwanza. Mlolongo wa elif unaolinganisha thamani ya kigezo kimoja ugeuze uwe dict (jedwali la Python la funguo na thamani zake), hapo namba hushuka sana. Masharti yaliyopachikwa ndani kwa ndani yanyooshe kwa return ya mapema, yaani kutoka kwenye funksheni mara tu sharti lisipotimia: namba huenda isishuke kabisa, lakini msomaji ataelewa haraka, na kwangu hilo ni zito kuliko alama. Usiikate funksheni kuwa vipande vinavyopitishiana vigezo vinane. Mtiririko utazidi kupotea. Kila badiliko, pima tena: radon cc -s faili.py