Jibu: Njia za baiskeli kuuzunguka mji wa Passau

Ndugu, uliuliza kama Passau, ule mji wa kale wa Ujerumani ulio kwenye makutano ya mito mitatu, unamfaa mtu anayesafiri kwa baiskeli yenye mizigo na asiyependa milima. Unamfaa sana, mradi ufuate kingo za mito.

Ningeanza na njia ya mto Danube kuelekea Linz, nchini Austria, takriban kilomita 100, ambayo karibu yote ni tambarare na ina lami, na ambayo wengi huiendeleza hadi Vienna. Ukingo wa kusini hauna matata. Ukichagua wa kaskazini, ambao kwa maoni yangu ndio mtulivu zaidi, fahamu kwamba karibu na Schlögen, pale mto unapojikunja na kuelekea ulikotoka, njia hukatika kwa sababu mlima umeshuka hadi majini, hivyo itakubidi upande mashua inayovusha baiskeli. Mashua hizo hufanya kazi kwa msimu tu, kwa hiyo usiende wakati wa baridi. Ukighairi mapema, unaweza kuvuka juu ya bwawa la umeme la Jochenstein. Kutoka Linz utarudi kwa treni, ila baiskeli nayo hukatiwa tiketi.

Kwa safari ya nusu siku, fuata mto Inn hadi Schärding, mji mdogo wenye nyumba za rangi za kupendeza, umbali usiofika kilomita 20. Bonde la Ilz, mto wa tatu, waachie watembea kwa miguu. Ni zuri, lakini mawe na mizizi yake havipatani na mizigo.